Simu Yetu Haikatwi

Kwako Muthoni, binti yangu uliye mbali,

Usishtuke kupata barua. Hakuna aliyekufa. Ng'ombe wako wazima, paa halijang'olewa na upepo, na goti langu ni lile lile. Nimechukua daftari lako la zamani, lile la darasa la saba lenye kurasa nyeupe nyingi (ulikuwa mvivu, tuseme ukweli), nikaketi hapa jikoni kuandika, kwa sababu kuna mambo ambayo nimeshindwa kukuambia kwa simu. Utauliza ni simu gani inayonishinda, na yetu iko wazi mchana kutwa. Ndiyo hiyo hiyo. Hata sasa ninapoandika iko hapa kando ya sufuria, na ninakusikia ukikohoa. Kunywa maji.

Juzi ulisema neno likanikaa kooni. Tulikuwa tunaongea habari za binti ya Mama Shiku, jirani yetu, vile alivyojifungua akazungukwa na wanawake mpaka akaomba wampe nafasi ya kupumua. Ukacheka, halafu ukasema, "Yeye ana bahati, Mami. Mimi nilikuwa peke yangu kabisa." Ukahamia mambo mengine. Nami nikajifanya ninamenya viazi, lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Ndiyo maana ninaandika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiongea ulipoenda Kanada mwanzo? Nilikuwa napanda hadi kule juu kwa mti wa plamu, mahali pekee mtandao ulikuwa ukishika, naziba sikio moja kwa kidole, napiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wanageuka kunitazama. "Muthoni! Uko salama? Umekula? Kuna baridi? Haya, salimia watu!" Nakata. Hata hukuwa umejibu swali la pili. Mimi simu nilifundishwa hivyo: unasema lako upesi, unakata. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaandika kwanza kwa karatasi mambo atakayokuambia, kisha anakusomea kama mtangazaji wa habari, na akimaliza kusoma simu imekwisha.

Halafu ukaniletea ile waifai. Fundi alikuja na pikipiki, msichana mwenye gumbuti kama zangu, akapanda juu ya paa akafunga kisahani kinachotazama mnara, akatoboa ukuta wangu bila kuniuliza mara mbili. Kile kisanduku cha taa akakiweka juu ya kabati, kati ya glasi za wageni na picha yako ya mahafali ya chuo kule Njoro. Alipoondoka tu nikakifunika na kitambaa changu cha kufuma, kile cha manjano, kwa sababu katika nyumba hii hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa gesi una chake. Baada ya siku mbili sauti yako ikaanza kukatikakatika. Ukauliza, "Mami, kwani umeifunika?" Nikatazama dirishani kama kuna mtu anachungulia. Umejuaje, na uko Kanada?

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile Jumapili ya kwanza. Nilikuwa nimekuuliza kama umekula, nimekuuliza baridi, nimesalimia watu wote, sasa natafuta kile kitufe chekundu. Ukasema, "Mami, usikate."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Iache tu hivyo, hii haiishi."

"Sasa tutasema nini?"

"Si lazima tuseme. Wewe fanya kazi zako na mimi nifanye zangu."

Nikakuona umerukwa na akili, lakini nikaiacha. Nikaendelea na viazi vyangu. Mara nikasikia maji yakifunguliwa kwenu. Nikasikia kabati likifunguka, kikombe kikiwekwa mezani, kijiko kikigonga kikombe, na kwa ule mlio nikajua bado unaweka sukari nyingi. Haki ya Mungu, Muthoni, kisu kilinianguka. Mtoto wangu anakoroga chai ng'ambo ya bahari, na mimi niko Dundori na karai mapajani, nasikia! Sikuwa nimewahi kunyamaza na mtu kwa simu maishani mwangu. Nilinyamaza kama niko kanisani, nikaogopa hata kupiga chafya. Baadaye nikaipiga kwa bahati mbaya, na ukasema "Mungu akubariki, Mami," upesi upesi, kana kwamba umekaa kwa kile kiti cha mlangoni. Mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Tangu hapo shamba langu liligawanyika mara mbili: mahali unapofika na mahali usipofika. Nililipima kwa miguu, simu mfukoni mwa aproni. Kwa kuku unafika. Zizini unafika ukinikuta upande wa mlango, lakini nikienda kwa ndama unapotea. Kwa nepia, yale majani ya ng'ombe, unafika safu mbili, ya tatu unaanza kuongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Choo cha nje hufiki, na langoni hufiki. Basi nikahamisha stuli yangu ya kukamulia. Kazi ya kuchagua viazi nikaitoa stoo nikaileta hapa verandani. Mama Shiku akaniuliza kwa nini siku hizi nimejibana karibu na nyumba kama kuku mwenye vifaranga, na mwanangu yuko Kanada. Nikamwambia hajui anachosema, wewe uko hapo kwa aproni. Na kweli ukamsalimia kutoka mfukoni, akaruka, akataja jina la Yesu.

Sasa nifike kwa jambo la kwanza ninaloogopa.

Ulipopata mimba, baba ya mtoto alikuwa ameshaenda zake, na simtaji hapa kwa sababu daftari ni dogo. Viza nilinyimwa, hayo tuliyaongea tukayamaliza. Tukakubaliana kwamba siku ikifika utaiacha simu wazi pale kwa mto wa kitanda, nami nitakuwa hapa. Ikafika. Kwenu kulikuwa usiku, hapa ilikuwa mchana wa mvua ya Aprili. Nilikuwa nawe tangu asubuhi. Nilikusikia ukihema, nikamsikia yule mkunga wenu mwenye sauti nyembamba, nami kila uchungu ulipokujia nilishika meza hii kwa mikono miwili. Saa tisa alasiri ukasema, "Mami, sasa niombee."

Nikafungua mdomo kuomba, na radi ikapiga.

Si radi ya mbali, Muthoni. Ilipiga hapo kwa mwaloni wa jirani, nyumba ikawa nyeupe ndani. Na mikono yangu ikafanya kile ambacho imefanya tangu nikiwa mtoto, kabla kichwa hakijaamka. Niling'oa waya wa televisheni. Niling'oa waya wa redio. Niling'oa kile kisanduku. Nikazima simu, kwa sababu tuliambiwa simu huita radi. Nikafunika kioo na leso, nikapanda kitandani, nikakunja miguu. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeanza kuomba.

Ningeshuka nirudishe. Ndiyo, ningeshuka. Lakini radi ilikuwa ikipiga juu ya nyumba, na nilimwona dadangu mdogo, yule tuliyemzika nikiwa na miaka kumi, aliyepigwa na radi akiwa ameshika sufuria. Nilikuwa mwoga. Nilikaa kitandani saa nzima nikilia ndani ya blanketi, nikikuombea kwa sauti ambayo ninyi wote wawili hamkuisikia. Ilipotulia nikarudisha waya. Zile taa unajua zinavyojikokota. Nyekundu. Manjano. Nilikiambia kile kisanduku maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyasikia. Ikawa kijani, nikapiga, na kilichoitikia hakikuwa sauti yako. Ilikuwa sauti ya mtu mpya kabisa, akilia kwa hasira.

Ukasema, "Mami, ulienda wapi? Nilikuwa nakuita."

Nikasema, "Stima ilipotea."

Stima haikupotea, mwanangu. Ni mimi niling'oa. Nisamehe. Siku hizi radi ikija bado nafunika kioo, bado nang'oa televisheni, lakini kisanduku nimekiacha na sitakigusa tena. Nimekinunulia hata betri ya stima ikienda. Navuta stuli nakaa kando yake, na ninakusikia ukimwosha mtoto.

Ukamwita Wangui. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, lakini upande wa baba haupo, kwa hivyo jina likarudi kwa mama ya mama, ambaye ni mimi. Hukuniambia, ulingoja tu niulize. Niliposikia jina langu likiitwa kule, kwa mtu wa siku mbili, nilitoka nje nikasimama kwa nepia safu ya kwanza, nikalitamka mwenyewe mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kofia.

Na wale wanawake wa chama chetu cha kuchangiana! Hao huwezi kuwasahau. Nilikuwa nimewaambia tu kwamba umejifungua, si kwamba waje. Ijumaa, saa kumi alasiri, nikaona wanaingia mstari, leso kiunoni, chupa za uji mikononi, sukari, unga, ndizi, mmoja na kuku hai kwapani. Nikawauliza, "Mnaenda kumwona nani? Mwenye mtoto si yuko Kanada?" Mama Shiku akasema, "Kwani waifai yako imekufa?" Wakanisukuma wakaingia. Wakatandika leso safi kwa kiti kikubwa, wakaiweka simu hapo, wakakuwekea kikombe cha uji mbele yako. Mama Shiku kwanza akaenda kwa kabati, akainamia kisanduku, akakisalimia kwa mikono miwili. Nikamwambia mtoto yuko kwa simu. Akanijibu, "Si anapitia hapa? Mimi nimebisha hodi kwanza."

Halafu wakagombania vigelegele. Mtoto msichana ni vitatu, mvulana ni vitano, ndivyo tulivyolelewa. Nikasema kwa nyumba yangu Wangui hatapigiwa vitatu. Wakasema mila ni mila. Nikasema basi watoke na kuku wao. Ukawa unacheka huko, "Mami, wache tu!" Wakapiga vitano. Bati lilitetemeka, mbwa akakimbia, na kwenu Wangui akanyamaza kulia, kimya kabisa, akisikiliza. Wanawake tisa, wote wamekodoa macho wanasikiliza mtoto akisikiliza. Mama Shiku alijipangusa macho na kofia yake ya sufu. Uji wako ulipopoa wakaamua niunywe mimi, kwa sababu Wangui ni mimi na mimi ni Wangui. Niliunywa wote.

Siku hiyo ulicheka sana, nikadhani mambo yamekaa sawa. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki zikapita. Kila nikikuuliza unasema, "Niko sawa, Mami." Mdomo wako unajua kunidanganya, lakini jikoni kwako hakujui. Nilianza kusikia vitu visivyokuwepo. Siku mbili sikusikia sufuria. Sikusikia kijiko. Maji hayakufunguliwa ila ya mtoto. Ulikuwa ukimwimbia, ukaacha. Ukawa unamjibu kwa sauti ya mtu aliyekaa kwa foleni tangu asubuhi. Nikikwambia ule unasema utakula. Ningekuwa mlangoni kwako ningekuletea sahani na kusimama hapo mpaka umeze. Kwa simu nitafanya nini? Nilikuwa nakusikia ukipungua, na mikono yangu iko Dundori.

Sasa ile asubuhi. Hapa ilikuwa saa nne, kwenu saa saba ya usiku. Nilikuwa nimekuaga kwamba naenda shambani kupalilia. Nilivaa gumbuti, nikarudi ndani mara moja kuchukua kofia. Simu iko mezani, wazi. Nikasikia Wangui analia, kile kilio kisicho na mwisho, halafu nikakusikia wewe. Ulikuwa unalia kuliko yeye. Ukamwambia, "Nimeshindwa. Nimeshindwa na wewe kabisa. Sijui nikupeleke wapi." Halafu ukaketi chini. Nilisikia mgongo wako ukiteleza ukutani.

Muthoni, nilisimama hapo na kofia mkononi. Kitu kimoja kilikuwa wazi kwangu: nikisema "nakusikia", utaona haya, na utakata. Nakujua. Ulipovunjika mkono darasa la tatu uliuficha chini ya sweta mpaka jioni. Ukikata, ni nani mwingine atakayekuwa nawe humo ndani? Kwa hivyo sikusema nawe. Niliburuta kiti kwa kelele. Nikapiga kifuniko kwa sufuria. Nikaanza kuongea na paka, kwa sauti kubwa, kama sijui kuna mtu anayesikia. Nikamwambia paka leo tutapika mukimo. Nikamweleza vile viazi vinavyooshwa, vile mahindi yanavyochemshwa kwanza, vile majani ya malenge yanavyotengwa. Paka alinitazama kama nimepata wazimu. Katikati ya mambo hayo nikatia, "Na Wangui wangu naye, nani amemkasirisha? Nani amemkosea msichana wa shosho, nyanya yake?" Kisha nikarudi kwa malenge.

Sikukoma. Nilipomaliza mukimo nilipika chapati kwa mdomo tu, nikapika uji, nikapika vitu ambavyo sijawahi hata kuvipika. Polepole Wangui akapunguza. Akabaki na kwikwi. Halafu nikakusikia wewe ukivuta pumzi ndefu, na nyingine, na nikajua umelala hapo hapo sakafuni, ukiwa umemkumbatia.

Nikanyamaza. Nikakaa. Saa sita lori la kuchukua viazi vyangu lilikuja likapiga honi langoni, likapiga tena, likaondoka. Langoni hufiki, kwa hivyo sikwenda. Choo nilijinyima, na kwa umri wangu unajua hilo si jambo dogo. Simu ilipata moto, nikaipepea na kofia.

Ile ndoto mbaya niliyokuambia jioni yake, kwamba nimekuota ukianguka na ni lazima umwone daktari kesho bila kukosa, sikuota chochote. Nilijua tu kwamba ndoto yangu utaiogopa kuliko ushauri wangu. Ulienda. Ukapata dawa na yule mama wa kuongea naye, ukaanza tena kugonga vikombe, na leo unanichekea mpaka simu inatetemeka. Ninamshukuru Mungu kwa hilo, na kwa yule msichana wa gumbuti aliyetoboa ukuta wangu.

Lakini nilitaka kumalizia ile asubuhi. Uliamka hapa ikiwa saa tisa. Nikasikia ukijinyoosha, halafu ukaita kwa sauti ndogo, "Mami, uko?"

"Niko."

"Umerudi saa hii?"

"Saa hii tu. Nilikuwa shambani."

"Nimelala, Mami. Sijui hata vile nimelala."

Sikuwa shambani, Muthoni. Jembe halikutoka nyuma ya mlango siku hiyo. Ulipolia nilikuwa hapa, na ulipolala nilikuwa hapa, nikizisikiliza pumzi zako na za mtoto mpaka jua likahama dirisha. Ukitoa ile saa moja ya radi, ambayo ni juu yangu, hukuwa peke yako.

Mimi mamako,
shosho wa Wangui.